Usalama wa Gari-Nyumba (2): Gesi, Moto na Hewa

Katika sehemu ya kwanza tulilitazama gari lenyewe: tairi, breki, taa na uzito wa mizigo. Leo tunaingia ndani, kwenye jiko, jokofu na kitanda. Huku ndiko wenye magari-nyumba wengi husahau kukagua, kwa kuamini kwamba gari likishapita ukaguzi wa serikali basi kila kitu kiko sawa.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Gari-nyumba, au motohomu kama wengine waitavyo, likitimiza miaka 3 hupelekwa kwenye ukaguzi uitwao MOT, na baada ya hapo kila mwaka. Mkaguzi hupima breki, usukani, taa, tairi na moshi wa injini. Kabati la mtungi wa gesi halifungui, wala jiko haliwashi. Gari laweza kutoka pale na cheti safi ilhali mpira wa gesi umeshachanika. Ujerumani wana ukaguzi wa gesi wa peke yake, unaojulikana kama G 607, unaofanywa kila baada ya miaka 2. Uingereza, kwa gari la mtu binafsi, mwenyewe ndiye anayepaswa kukumbuka kumwita fundi. Cheti cha barabarani kinamlinda anayeendesha. Aliyelala ndani analindwa na mwenye gari.

Tuanze na gesi. Iliyomo kwenye mitungi ya magari haya ni propeni au buteni, jamaa moja na gesi tunayopikia Dar es Salaam na Nairobi. Zote mbili ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hazipandi juu. Hutambaa sakafuni na kutuama kwenye pembe, zikingoja cheche. Kwa sababu hiyo watengenezaji hutoboa matundu kwenye sakafu ya kabati la mtungi, ili gesi iliyovuja idondoke nje. Ukaguzi wa kwanza, basi, ni kuinama na kuhakikisha kwamba matundu hayo hayakuzibwa na tope, majani, au zulia alilolitandika mtu aliyeona baridi inapenya.

Kisha shika mpira wa gesi, uukunje taratibu na kuutazama kwa tochi. Ukiona nyufa ndogo, au ukiuhisi umekakamaa, muda wake umekwisha. Tarehe huwa imechapwa juu yake, na mafundi wengi wa Uingereza hushauri ubadilishwe kila miaka 5, na regulata kila miaka 10. Sasa fungua mtungi huku majiko yote yakiwa yamezimwa, upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likitulia, pako salama. Yakichomoza mapovu yanayokua, funga mtungi, fungua milango na umwite fundi. Kiberiti kisitumike kamwe kutafutia mahali panapovuja.

Msimu nao una neno lake. Buteni huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0 za Selsiasi, na propeni huendelea hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Anayesafiri Ulaya majira ya baridi na mtungi wa buteni ataamka jiko haliwaki. Wapo wanaouingiza mtungi ndani ili upate joto. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa linauondoa mtungi kwenye kabati lenye matundu na kuuleta karibu na moto.

Hatari ya pili ni kaboni monoksidi. Wakazi wa nyanda za baridi, tangu Limuru hadi Njombe, wanaijua kwa msiba: watu wanafunga madirisha, wanalala na jiko la mkaa, na asubuhi hawaamki. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Katika gari-nyumba hutokana na gesi isiyoungua vizuri kwenye jiko, hita au jokofu. Tazama mwali. Wa buluu na uliotulia ni mzuri. Wa manjano, unaoacha masizi chini ya sufuria, ni onyo. Mara nyingi chanzo ni kidogo: buibui amejenga utando ndani ya kichomeo wakati gari limeegeshwa miezi kadhaa. Na jiko la kupikia lisiwashwe kamwe kwa ajili ya kupasha chumba joto.

Kwa hiyo gari linahitaji ving'ora vitatu, kila kimoja mahali pake. Cha moshi hufungwa darini, kwani moshi hupanda. Cha gesi ya mtungi hukaa karibu na sakafu. Cha kaboni monoksidi huwekwa karibu na kitanda, usawa wa kichwa cha aliyelala, nacho kiwe na alama EN 50291-2, yaani kimetengenezwa kwa ajili ya magari ya aina hii. Bonyeza vitufe vya majaribio kabla ya kila safari, kisha geuza kifaa usome tarehe ya mwisho. Kengele yaweza kulia vizuri huku kitambuzi chenyewe kimekufa.

Barabarani, valvu ya mtungi ifungwe, isipokuwa kama regulata ni ya aina inayokata gesi yenyewe gari linapogongwa. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta, hakikisha jokofu haliwaki kwa gesi.

Wiki ijayo tutazungumzia umeme wa ndani, betri na unyevu unaoozesha kuta. Mwenye safari kabla ya hapo aanze na matundu, mpira na ving'ora. Akimaliza hivyo, amwite fundi wa gesi mwenye cheti na amtake ampe ripoti ya maandishi.