Panga la Mchai na Biashara ya Bonsai

Mchai ukiachwa ukue upendavyo hufika mita kumi na kuzidi. Magwagwa, upande wa Mugirango Kaskazini katika kaunti ya Nyamira, mchai uliopandwa na babu bado unamfika kiunoni mjukuu anayeuchuma leo. Kilichouweka hapo ni panga. Kukata mti ubaki mfupi huku shina likizidi kunenepa na kuzeeka ndiyo kazi kuu ya bonsai, sanaa ya kukuza miti mifupi chunguni, na ndiyo maana naitazama biashara yake kutoka kwenye vilima hivi vya chai badala ya kuitazama kutoka kwenye maduka ya maua ya Nairobi.

Mche wa chai ukishashika hukatwa karibu sentimita 15 kutoka ardhini, ili utoe matawi mengi mahali pa moja. Ukichipua hukatwa tena kwenye 28 hivi, halafu kwenye 40, mpaka uwe na uso bapa wa kuchumia. Kuanzia hapo hupogolewa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kila mara sentimita tano hivi juu ya kovu la mwisho, na ukianza kuwasumbua wachumaji kwa urefu hushushwa chini upya. Mkulima mzoefu hapogoi jua likiwa kali. Husubiri miezi ya baridi, kisha hufunika mashina yaliyobaki uchi kwa matawi yale yale aliyoyakata, maana jua likilipiga gamba lisilolizoea huliunguza, na ugonjwa hupata mlango. Anajua pia kwamba mchai uliochoka, usio na akiba ya wanga mizizini, unaweza kufa ukikatwa sana. Anayejifunza bonsai mjini hutumia miaka kuyaelewa mambo haya, na wengi huua miti kadhaa njiani.

Ujuzi huo, hata hivyo, soko la chai haliulipi wenyewe. Linalolipwa ni uzito wa majani kwenye mizani ya kituo cha kununulia. Malipo ya mwezi ya viwanda vilivyo chini ya KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, vikiwemo Sanganyi, Kebirigo na Gianchore hapa Nyamira, miaka hii yamekuwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo, kisha bonasi hufuata mwisho wa mwaka wa fedha. Kwa miaka mingi bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki, na kila inapotangazwa manung'uniko huzuka upya. Shamba nalo halitanuki. Sensa ya 2019 iliikuta Nyamira na watu 605,576 katika eneo la kilomita za mraba 899 hivi, yaani watu zaidi ya 670 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kaka wakigawana shamba la baba yao, kila mmoja hubaki na mistari michache ya michai na uwanja wa nyumba. Shughuli yoyote inayoweza kukaa uwanjani humo, juu ya meza ya mbao, inastahili kupigiwa hesabu.

Biashara ya miche tayari ipo. Kando ya barabara za Nyamira na Kisii utaona vitalu vya mikaratusi, gravilea, parachichi na miti ya urembo, na mpango wa serikali uliozinduliwa Desemba 2022 wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032 umewapa wenye vitalu sababu zaidi ya kuotesha. Lakini kitalu huishi kwa mzunguko wa haraka: mbegu leo, mche baada ya miezi michache, fedha mkononi, mbegu tena. Bonsai haiwezi kufuata mzunguko huo. Mti mdogo ndani ya chungu hunenepa polepole mno, na anayeanza na mbegu asitarajie kuuza kitu cha maana kabla ya miaka kumi.

Wajapani walilitatua tatizo hili shambani. Katika vitongoji vya Kinashi na Kokubunji mjini Takamatsu, misonobari hupandwa ardhini kwa safu kama zao lolote lile, hunenepeshwa kwa miaka, na ndipo hung'olewa na kutiwa chunguni. Mji huo ndio unaosemekana kutoa karibu asilimia 80 ya misonobari yote ya bonsai nchini Japani. Kijiji cha bonsai cha Omiya nacho kilianzishwa mwaka 1925, wakulima wa bonsai wa Tokyo walipohamia huko baada ya tetemeko kubwa la 1923 wakitafuta nafasi, maji safi na udongo mzuri. Kwa mfanyabiashara somo ni kwamba unene hupatikana ardhini, na chungu ni cha kumalizia.

Na unene ndio ulioko Magwagwa tayari. Mkulima anapong'oa michai ya zamani ili apande aina mpya au abadili zao, visiki vyake huishia jikoni kama kuni. Kisiki cha namna hiyo kina shina nene lililopindapinda, makovu ya miongo ya mapanga, na uwezo wa kuchipua kwenye shina kuukuu ambao miti mingi haina. Mpenzi wa bonsai angekisafirisha mbali. Kinachotakiwa ni kukikata mizizi kwa hatua, kwanza upande mmoja na msimu unaofuata upande wa pili, kukikuza upya kwenye boksi la mbao lenye udongo unaopitisha maji, kisha kuyaongoza matawi mapya kwa waya. Mchai hupenda udongo wenye asidi, kiwango cha pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Ukimwagiliwa maji ya kisima yenye chokaa nyingi, majani yatageuka manjano. Tangi la maji ya mvua ni sehemu ya mtaji.

Kuna miti mingine pia. Kaiyaba ya uani, yenye miiba na shina gumu, huvumilia kukatwa bila huruma. Mtarakwa wetu wa nyanda za juu ni ndugu wa mireteni ambayo Wajapani huienzi. Omotembe, kama unavyoitwa kwa Kigusii, una gamba kama kizibo na maua mekundu yanayochanua matawi yakiwa hayana majani. Miti ya jamii ya mkuyu ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Ila kuchimba mti msituni bila kibali ni kosa la jinai, na hata pasingekuwa na sheria, vilima hivi vimepoteza misitu ya kutosha.

Jambo linalonivutia zaidi ni vyungu. Nchini Japani mji wa Tokoname umejenga jina kwa vyungu vya udongo vya bonsai. Sisi tuna Tabaka, kusini mwa Kisii, ambako mawe laini huchongwa sanamu, sahani na vibakuli vinavyouzwa duniani kote. Mchongaji anayetoa bakuli anaweza kutoa sinia la kina kifupi lenye matundu ya maji na miguu minne. Ni zito, na uzito huo hugharimu kwenye basi la kwenda Nairobi, lakini hutuliza mti wenye kichwa kizito, na rangi ya jiwe haishindani na kijani. Ningeanzia hapo, kwa sababu chungu huuzwa mwezi huu wakati mti ukisubiri mwaka wake.

Soko lenyewe ni jembamba. Wanunuzi wako Nairobi: hoteli, ofisi, watu wa mitaa ya Karen na Runda, na wanaotafuta zawadi isiyo ya kawaida. Ulaya ni mbali kuliko inavyodhaniwa. Kanuni za Umoja wa Ulaya zimetaka miti iliyodumazwa inayotoka nje ya bara hilo ikae angalau miaka miwili mfululizo kwenye kitalu kilichosajiliwa, juu ya rafu zilizoinuliwa sentimita 50 kutoka ardhini, ikikaguliwa mara kwa mara. Kwa Kenya kazi hiyo ya ukaguzi iko mikononi mwa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Mtu mmoja mwenye visiki kumi hawezi kuubeba mzigo huo. Kikundi chenye miti mia kadhaa pengine kitaweza.

Wakulima wengi wanakumbuka kware. Mwaka 2013 mayai yake yalisifiwa kama dawa ya kila kitu, watu wakakopa wakanunua ndege na vibali, na kufikia 2014 bei ilikuwa imeanguka. Walionufaika hasa ni waliowauzia wenzao vifaranga. Bonsai inaweza kuletwa vijijini kwa mtindo ule ule, na yeyote atakayekuja Magwagwa na semina ya kulipia pamoja na miche ya "utajiri wa haraka" afukuzwe, kwa kuwa haraka ndiyo kitu pekee ambacho mti huu haukitoi.

Kwa mwenye michai inayolipa, ushauri wangu ni kuiacha ilipe. Msimu wa kung'oa ukifika, achague visiki vitano vyenye umbo, avitoe na mizizi yake, avitie kwenye maboksi nyuma ya nyumba, na vilivyobaki viende jikoni. Gharama ni mbao, kokoto na jioni chache kwa wiki. Mwaka wa tatu atakuwa na matawi ya kufunga waya, na karibu mwaka wa tano ataweza kupiga picha na kumpelekea mwenye kitalu mjini, akitaja bei yake mwenyewe, jambo ambalo kwenye mizani ya kituo cha chai hajawahi kupata nafasi ya kulifanya.