Mwalimu wa Wauguzi na Shahada ya Udaktari

Neno "daktari" lina maana mbili: tabibu wa hospitali, na mtu aliyepata shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu. Mwalimu wa wauguzi aweza kuwa daktari kwa maana ya pili. Nchini Marekani njia kubwa ni tatu, nazo hazielekei mahali pamoja.

Tuchukue mfano wa vidonda vimpatavyo mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa. Shahada ya falsafa, PhD, humwandaa mtafiti: huuliza kwa nini ngozi ya huyu huharibika upesi kuliko ya yule, na hudai tasnifu yenye maarifa mapya. Shahada ya utendaji wa uuguzi, DNP, huuliza jinsi maarifa yaliyokwisha kuthibitishwa yatakavyotumika wodini. Shahada ya elimu, EdD, huuliza mwanafunzi afundishwe na kupimwa vipi hata aitambue dalili ya kwanza kabla ngozi haijachubuka.

Tangu mwaka 2004, chama cha vyuo vya uuguzi nchini humo kilipoipendekeza DNP kwa wauguzi wabobezi, shahada hiyo imeenea sana. Walakini kuenea si hoja ya kuichagua. Hapana budi mwombaji auchunguze mtaala: je, yamo masomo ya ufundishaji? Chuo atakakofundisha kitamtaka afanye utafiti?

Asiyejiuliza hayo huenda akajifunza kwa miaka mingi kazi isiyo yake. Hasara hiyo haiishii kwake. Humfikia mgonjwa atakayeuguzwa na wanafunzi wake.