Soga za Watunga Programu wa Kampala

Mazungumzo ya watunga programu wa Kampala hayana ajenda. Huanza na hitilafu iliyomshinda mtu tangu asubuhi, yakahamia kwenye malipo ya mteja wa Ulaya, yakapitia bei ya bando, na kabla sahani hazijaondolewa mezani mtu keshauliza dawa ya maumivu ya mgongo. Anayesikiliza kwa mbali hudhani ni porojo. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi wa fani hii hupita kwa njia hiyo, maana zana za kazi hubadilika upesi kuliko mitaala ya vyuo.

Vikao hivyo vilipata makao si zamani. Hadi nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, Uganda, nchi isiyo na bahari, ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwaka 2010 ikafunguliwa Hive Colab, mahali ambapo kijana mwenye kompyuta mpakato alipata meza, umeme na mtandao bila kukodi ofisi. Outbox ilifuata mwaka 2012, kisha Innovation Village huko Ntinda. Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, vibanda vya rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, navyo huwakusanya watu wa fani hii.

Habari za kazi ndizo hukolea zaidi. Kampuni ya Andela iliingia Kampala mwaka 2017, ikawafundisha vijana na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza mamia ya watunga programu wachanga Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kwamba wateja walitaka wenye uzoefu zaidi. Swali lililobaki bado ni zito: anayeanza atapata wapi uzoefu, ikiwa kila mwajiri anataka aliyekwisha kuupata? Akili mnemba, inayofanya kazi ndogondogo walizokuwa wakipewa wanagenzi, imelifanya swali hilo kuwa gumu zaidi.

Kumtumikia mwajiri wa mbali kuna gharama ya mwili. San Francisco ikiwa saa tatu asubuhi, Kampala ni saa moja jioni au saa mbili usiku, kutegemea majira, na mkutano ndiyo kwanza unaanza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Hivyo mtu anayemuuliza mwenzake amelala saa ngapi anauliza jambo la maana sana.

Siasa nayo hupenya kupitia waya. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya kijamii. Mwaka 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya bei ya bando. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa nchi nzima. Funzo la kiufundi lilikuwa wazi: programu inayotegemewa na watu haina budi kuhifadhi taarifa ndani ya simu hadi mtandao urudi.

Maongezi ya maradhi huweza kuzaa kazi yenyewe. Brian Gitta, aliyekuwa akisomea kompyuta, aliugua malaria, na ugonjwa ukagundulika baada ya kupimwa damu mara nne. Yeye na wenzake wakajiuliza kwa nini ujuzi wao usitumike kupima bila kumchoma mtu sindano. Wakaunda Matibabu, kifaa kinachoangaza mwanga mwekundu kidoleni ili kutambua mabadiliko katika chembe nyekundu za damu, na kutuma jibu kwenye simu. Mwaka 2018 kilimpatia Gitta Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Makerere nako ndiko ulikoanza mradi wa AirQo, wa kupima uchafuzi wa hewa, mwaka 2015, chini ya Engineer Bainomugisha, msomi wa sayansi ya kompyuta. Vipimo vya mradi huo viliundwa kustahimili vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika, na baadhi hufungwa kwenye boda boda.

Kasoro kubwa ya vikao hivi ni wale wasiokuwepo. Maongezi yanayonoga usiku humwacha nje mwanamke anayehofia safari ya kurudi nyumbani au mwenye mtoto wa kulaza, na pamoja naye huondoka fununu za ajira na ushauri wa mshahara. Barbara Birungi, aliyeiongoza Hive Colab, alianzisha Women in Technology Uganda mwaka 2012 ili wasichana wapate mafunzo ya kompyuta, walezi wa kuwaongoza na mahali pao pa kukutana.