Kununua ua pamoja na ugonjwa: udongo wa pepinieri unaweza kuua avoka

Kandokando ya barabara za Goma na Bukavu, maua yanauzwa ndani ya sashe nyeusi, mikebe na ndoo za zamani. Mnunuzi anaangalia rangi na majani. Udongo wenyewe, ni wachache wanaouangalia.

Ndani ya udongo huo munaishi kuvu za aina nyingi, na sehemu kubwa hazina ubaya. Zingine zinashikamana na mizizi na kuisaidia kupata maji na chakula. Hata ule uyoga mdogo wa manjano unaotokea kwenye chungu cha maua haudhuru ua (lakini usiupike, si wa kula).

Wa kuogopa ni fitoftora. Wengi wanaiita kuvu, lakini wataalamu wanaiweka karibu na mwani wa rangi ya kahawia. Mbegu zake ndogo zinaogelea ndani ya maji, ndiyo maana inapenda sashe zinazomwagiliwa kupita kiasi, na kwa sababu si kuvu ya kweli, dawa nyingi za kuvu haziiwezi. Aina moja, iliyotambuliwa Sumatra mwaka 1922 kwenye miti ya mdalasini, inaozesha mizizi ya maua mengi ya bustani, lakini pia ya avoka, nanasi na kinkina, mti unaotoa kinini na unaolimwa hapa Kivu.

Ua linaweza kubeba ugonjwa huo bila kuonyesha alama yoyote. Ukilipanda karibu na avoka ya nyumbani, mvua inamaliza kazi.

Marekani inajua bei yake. Aina nyingine ya fitoftora, iliyoonekana pia kwenye pepinieri za maua za Ujerumani na Uholanzi, imeua mamilioni ya miti kwenye misitu ya California na Oregon. Mwaka 2004, ilikutwa kwamba pepinieri moja kubwa ya California ilikuwa imekwisha kutuma kamelia zenye ugonjwa katika majimbo mengi.

Alama ya kwanza inadanganya: majani yanalegea na kuwa manjano wakati udongo umelowa, na mwenye ua anazidi kumwaga maji. Afazali kulitoa ndani ya sashe. Mizizi yenye afya ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia na gamba lake linachomoka ukiivuta kwa vidole.

Kwa wenye pepinieri, kosa kubwa ni kurudilia udongo wa mche uliokufa. Kama hakuna mwingine, uloweshe kidogo na kuupasha moto ndani ya pipa: nyuzi 60 kwa dakika 30 zinatosha kuua fitoftora. Sashe zitobolewe vizuri chini na ziwekwe juu ya mbao ao mawe, zisikae ndani ya matope. Jembe lioshwe kabla ya kuhamia safu ingine.

Mche wenye mizizi iliyooza uchomwe pamoja na sashe yake. Kuutupa kwenye mtaro ni kuupelekea jirani wa chini ugonjwa.