Kuni na Makaa Nazo Zihesabiwe: Takwimu za Nishati na Uchumi wa Kaunti

Mchoma makaa anapouza magunia yake kando ya barabara ya Garsen, fedha huingia nyumbani na biashara sokoni huchangamka. Kwa hesabu ya mapato, huo ni ukuaji wa uchumi. Lakini hesabu hiyo pekee haionyeshi miti iliyokatwa, wala kama miaka kumi ijayo kutakuwa na mingine. Ndiyo sababu nishati hupimwa pamoja na mapato.

Takwimu za nishati ni nini?

Ni hesabu za umeme, dizeli, gesi, kuni, makaa na nguvu za jua: kiasi kinachozalishwa, kinachotumiwa na nani anakitumia. Zikilinganishwa na pato, hujibu maswali mawili. Je, kila shilingi inayopatikana inatumia nishati nyingi zaidi au kidogo zaidi kuliko zamani? Na je, nishati hiyo inatoka kwenye chanzo kinachojirudisha au kinachokwisha?

Tuchukue mfano wa mkulima anayevuta maji ya Mto Tana kwa pampu. Mwaka wa kwanza anatumia lita 100 za dizeli na kuuza mazao ya Sh200,000. Mwaka wa pili anauza ya Sh240,000, lakini ametumia lita 150. Mapato yamepanda, ila kila lita imeshuka kutoka Sh2,000 hadi Sh1,600. Akihamia pampu ya jua na mauzo yasipungue, mapato yatabaki bila dizeli kuchomwa. Huo ndio ukuaji unaotunza mazingira.

Kisichopita kwenye mita

Maji ya Tana huzalisha umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kufika kwetu. Umeme huo hupimwa kwa mita. Mzigo wa kuni unaobebwa kichwani hauna mita wala risiti. Kwa hiyo takwimu za umeme pekee zinaweza kuonyesha nchi inayotumia nishati safi, huku gharama ya kupika ikibebwa na msitu.

Aina ya mti pia ina maana. Makaa ya mathenge, mti vamizi unaoenea kwa kasi, si sawa na makaa ya miti ya msitu wa kando ya mto au mikoko ya Kipini. Kuni hujirudisha pale tu ukataji usipopita uotaji. Bila kujua ni mti gani unaokatwa na kwa kiasi gani, hesabu haikamiliki.

Jibu lako lina uzito

Hesabu ya kuni na makaa hutegemea majibu ya wakazi. Sensa ya mwaka 2019, iliyohesabu watu 315,943 katika Tana River, iliuliza kila kaya inapikia nini na inapata mwanga kutoka wapi. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya nishati. Mpango ukijengwa juu ya majibu yasiyo sahihi, majiko bora na vifaa vya sola vinaweza kupelekwa pasipohitajika zaidi.

Wengine husita kutaja makaa kwa kuhofia kushtakiwa. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya taarifa ambazo mtu binafsi huipa KNBS.

Afisa wa takwimu akibisha hodi, wakazi wanahimizwa kuwa tayari kueleza:

- wanapikia nini hasa, na mizigo au magunia mangapi kwa mwezi;
- kuni zinatoka wapi, na safari ya kuzifuata huchukua muda gani;
- lita za mafuta zinazotumiwa na pampu, jenereta au posho mill.

Kuni zisipohesabiwa leo, msitu utaonekana kwenye takwimu siku utakapokuwa umekwisha.