Madeira: siku kuu za mwezi wa nane, na hofu ya moto, katika kisiwa alikozaliwa Ronaldo

Mashabiki wa mpira wanakijua kisiwa cha Madeira kwa sababu ya mtu mmoja: Cristiano Ronaldo, aliyezaliwa mjini Funchal mwaka wa 1985 na kuondoka akiwa mtoto wa miaka 12 kwenda kujiunga na timu ya Sporting, mjini Lisbon. Tangu mwaka wa 2017, uwanja wa ndege wa kisiwa hicho unaitwa kwa jina lake. Lakini wakaaji wenyewe, karibu watu 250 000, wana jambo wanalolingojea kuliko mechi yoyote: miezi ya joto, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati kila parokia inapamba barabara zake kwa taa na maua na kufanya siku kuu.

Madeira ni jimbo la Ureno linalojitawala tangu mwaka wa 1976, ingawa liko karibu zaidi na Afrika. Kutoka pwani ya Maroko ni kilomita karibu 700, wakati Lisbon iko mbali karibu kilomita 1 000. Hakuna baridi kali ya Ulaya wala joto kali la ikweta. Mvua nyingi inanyesha wakati wa baridi. Kati ya mwezi wa sita na wa nane inchi inakauka, sawa na kiangazi cha Kivu. Kisiwa chenyewe ni mlima uliotoka baharini, na kilele chake, Pico Ruivo, kina urefu wa metre 1 862.

Kutoka fataki hadi zabibu

Mwezi wa sita unafunguliwa kwa sherehe ya Atlantiki: siku za Jumamosi usiku, fataki zinarushwa juu ya bandari ya Funchal zikifuata muziki. Kiisha wanafika watakatifu: Yohane Mbatizaji tarehe 24, halafu Petro tarehe 29, ambaye wavuvi wa Câmara de Lobos wanamheshimu kama mwenzao wa kazi. Mwishoni mwa mwezi wa saba ao mwanzoni mwa wa nane ni zamu ya mashindano ya magari, yaliyoanza mwaka wa 1959. Kona za milimani zinajaa watu waliobeba chakula chao tangu asubuhi. Mwishoni mwa mwezi wa nane mavuno ya zabibu yanaanza, na wageni wanakaribishwa kuzikanyaga kwa miguu mitupu, kama walivyofanya wazee.

Popote penye sherehe pana moshi wa nyama ya ngombe iliyochomwa kwenye kijiti cha mti, mkate wa viazi vitamu uliopakwa siagi na kitunguu saumu, na poncha, kinywaji cha pombe kali ya miwa, asali na ndimu.

Miwa hiyo ina historia chungu. Wareno walifika Madeira mwaka wa 1419 na kukuta kisiwa kisicho na watu. Katika karne hiyohiyo walipanda miwa na kuleta watumwa, kati yao Waafrika, kulima na kuchimba mifereji ya maji. Mfano huo wa shamba la sukari ulipelekwa baadaye São Tomé, na mashamba ya huko yalitafuta watumwa wao katika ufalme wa Kongo. Mwaka wa 1526, mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata raia wake kila siku.

Tarehe 15, watu wanapanda Monte

Siku kuu kubwa kuliko zote inafanyika Monte, juu ya mji wa Funchal, tarehe 14 na 15 mwezi wa nane, Wakatoliki wanapoadhimisha Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Wenye kutimiza nadhiri wanapanda ngazi za kanisa kwa magoti, mishumaa mkononi. Ni Monte pia ambako wageni wanapanda vile viti vya kikapu vinavyoteleza juu ya mbao hadi mtelemko wa chini, vikiongozwa na wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe, ambao breki yao ni viatu vyao. Mwenyeji wa Goma angekumbuka chukudu.

Mwezi huo ndio wa kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi watu wa Madeira walikwenda kutafuta maisha Venezuela, Afrika Kusini, Uingereza na kwingineko. Wenye uwezo wanarudi kwa siku kuu ya parokia yao, wanabatizisha watoto, wanatembelea makaburi ya wazazi.

Tarehe 15 mwezi wa nane mwaka wa 2017, watu wakingojea maandamano ya sanamu ya Bikira Maria, mti mkubwa wa zamani ulianguka juu yao karibu na kanisa. Watu 13 walikufa na makumi wengine wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata watu walipanda Monte tena, kuomba na kukumbuka wafu wao.

Ukavu unaoleta wageni unaleta pia moto

Mwezi wa nane mwaka wa 2016, moto ulishuka kutoka milimani hadi ndani ya mji wa Funchal. Watu watatu walikufa, na nyumba nyingi ziliteketea. Tarehe 14 mwezi wa nane mwaka wa 2024, mkesha wa siku kuu, mwingine ulianza katika milima ya Ribeira Brava. Uliwaka zaidi ya wiki moja na kula zaidi ya hekta 5 000. Ndege za kumwaga maji zilitoka Hispania kuja kusaidia. Safari hiyo hakuna aliyekufa.

Sababu moja inajulikana na kila mkulima. Vijana wameacha mashamba ya ngazi milimani na kwenda kufanya kazi hotelini ao ngambo. Shamba lisilolimwa linaota majani, majani yanakauka, na upepo unafanya yaliyobaki. Hatari haiko kwa nyumba tu. Msitu wa zamani wa kisiwa, uliowekwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia mwaka wa 1999, unanasa maji ya ukungu, na maji hayo yanatembea katika mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilomita elfu moja hadi kwenye migomba na mizabibu ya kusini. Msitu ukiungua, shamba la chini linakosa maji.

Wageni nao wanazidi wenyeji mara kadhaa kila mwaka. Ndiyo maana mji wa Funchal unalipisha euro 2 kwa kila usiku tangu mwaka wa 2024, na tangu mwaka wa 2025 mgeni anayetaka kutembea katika njia za milimani zilizo rasmi analipa pia.

Lakini hakuna anayezungumza juu ya kufuta siku kuu. Mwezi wa nane ukifika, taa zinafungwa kati ya miti ya Monte, watu wanatoka ndege wakiwa na masanduku mazito, na wazee wanaangalia mlimani kama kuna moshi kabla ya kwenda misani.