Rabai: Misheni Iliyojazwa na Watoro

Mgeni akifika Rabai, karibu na Mazeras katika Kaunti ya Kilifi, huoneshwa kwanza nyumba za Krapf na Rebmann. Si vibaya. Wajerumani hao waliotumwa na shirika la CMS la Uingereza walifungua misheni hapa mwaka 1846, kwa ridhaa ya wazee wa Kirabai. Kwa miaka mingi, hata hivyo, waumini wao walihesabika kwa vidole. Krapf alirudi kwao. Rebmann alibaki hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Waliokuja kuijaza Rabai ni watoro. Watumwa walitoroka mashamba ya pwani, wakakimbilia bara: wengine Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, wengine Rabai, wakajenga vibanda na kulima mahindi na mihogo pembeni mwa kanisa. Aliyekuwa akiwapokea ni William Jones, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India. Wamishenari wa Kizungu waliogopa kugombana na mabwana wa watumwa. Jones hakuwa na haja ya kuelezwa utumwa ni nini.

Ni Jones huyohuyo aliyefuatana na Askofu Hannington mwaka 1885 katika safari ya Buganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones aliurudisha msafara mpaka Rabai, mbele yake ikipepea bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Mwaka 1888 mabwana walikuja juu, wakidai watu wao. George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru viligawiwa Rabai. Walionufaika katika misheni zote walipita 1,400. Tuseme wazi, ingawa sherehe ilifana: fedha zilikwenda kwa waliomiliki watu, na waliotumikishwa wakapata karatasi.

Kanisa la St Paul's la mwaka 1887 lingali likisaliwa, na tangu 1994 pana makumbusho pembeni yake. Kwa maoni yangu, Jones na watoro wake wangestahili chumba cha kwanza humo. Na kabla yao wote kuna kaya, yaani makazi ya kale ya Warabai, ambao ni Wamijikenda, ndani ya misitu: UNESCO ilipoorodhesha misitu mitakatifu ya Wamijikenda mwaka 2008, kaya za Rabai ziliingia. Misheni, iliyokaribishwa na wenye kaya hizo, haimo.